Usakinishaji wa Linux Pasipo CD: Kazi Tatu za Chombo Kimoja

1.0 Utangulizi

Kwa miaka mingi mtu aliyetaka kuweka mfumo wa Linux katika kompyuta yake alianza kwa kutafuta CD. Mazoea hayo yalikita mizizi kiasi kwamba maelekezo mengi yalifunguliwa kwa agizo moja: tia CD, kisha washa kompyuta. Hali imebadilika. Asus Eee PC ya mwaka 2007 iliuzwa ikiwa na Linux ndani yake lakini bila kiendeshi cha CD; MacBook Air ya mwaka 2008 nayo ilikosa kiendeshi hicho. Leo kompyuta mpakato nyingi mpya ziko hivyo, na anayefuata maelekezo ya zamani hukwama katika hatua ya kwanza.

Makala hii inakusudia kuonyesha kwamba chanzo cha kukwama huko ni ufafanuzi zaidi kuliko ufundi. CD ilikuwa ikitekeleza kazi tatu tofauti kwa wakati mmoja. Kazi hizo zikitenganishwa, na kila moja ikapewa jina lake, njia za kusakinisha pasipo CD hudhihirika zenyewe. Suala hili linawahusu pia wanaisimu. Mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, uliotoa programu ya Jambo OpenOffice mwaka 2004, ulithibitisha kwamba Kiswahili kinaweza kuwa lugha ya kutumia kompyuta. Hatua inayofuata ni kuifanya lugha ya kueleza jinsi kompyuta inavyofanya kazi.

2.0 Kazi Tatu

Kazi ya kwanza ni kuwashia. Kompyuta inapopata umeme huwa haina mfumo wowote katika kumbukumbu yake ya muda. Programu ndogo iliyohifadhiwa katika ubao mkuu, yaani BIOS katika kompyuta za zamani na UEFI katika zile mpya, hukagua vifaa, kisha hutafuta chombo chenye kipakizi. Kipakizi ni programu ambayo kazi yake ni kupakia programu nyingine. BIOS hukitafuta katika sekta ya kwanza ya diski, yenye baiti 512 tu. UEFI hukitafuta kama faili ya kawaida katika sehemu ya diski iliyoumbizwa kwa utaratibu wa FAT. Kipakizi huleta kiini cha Linux pamoja na mfumo mdogo wa mafaili unaokaa katika kumbukumbu ya muda. Kuanzia hapo kompyuta inaendeshwa na Linux, ingawa diski yake haijaguswa.

Kazi ya pili ni kubebea. Vifurushi vya programu vitakavyowekwa katika diski sharti vipatikane mahali fulani. Kazi ya tatu ni kusakinishia. Hii ni kazi ya programu iitwayo kisakinishi, ambayo huigawa diski, huiumbiza, hunakili vifurushi, na mwishoni huandika kipakizi kipya ili kompyuta iweze kujiwashia baadaye.

Inafaa kuzingatia kwamba kauli ya kutendea inatosheleza kuzibainisha kazi hizi: chombo cha kuwashia, cha kubebea na cha kusakinishia. CD ilistahili majina yote matatu, na kwa sababu hiyo hiyo tofauti baina yake ikafichika.

3.0 CD katika Historia ya Linux

Linus Torvalds, wakati huo mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, alitangaza mfumo wake mwaka 1991. Watumiaji wa awali walitegemea disketi zilizobeba megabaiti 1.44 kila moja. Slackware, iliyotolewa mwaka 1993, iligawanywa katika mafungu ya disketi. Ile ya kuwashia ilikuwa mbali na zile za kubebea vifurushi. Aidha, programu ya Loadlin iliweza kukiita kiini cha Linux kutoka ndani ya DOS.

Mwezi Januari 1995 kampuni za Phoenix na IBM zilitoa kanuni zilizoitwa El Torito, ambazo ziliwezesha kompyuta kuwashiwa kwa CD. Ndipo chombo kimoja chenye nafasi ya takriban megabaiti 650 kilipoweza kubeba kazi zote tatu. Kompyuta ambazo hazikuzielewa kanuni hizo ziliendelea kuwashiwa kwa disketi na kusoma vifurushi kutoka katika CD. Ubuntu, ambayo jina lake lina mzizi ule ule wa -ntu uliotupatia neno utu, ilianza mwaka 2004, na hadi mwaka 2011 CD zake zilitumwa bure kwa posta kwa walioziomba. Huduma hiyo iliwafaa hasa waliokuwa na mtandao wa polepole. Kwa hiyo, kusakinisha Linux pasipo CD si jambo geni; enzi ya CD ilikuwa kipindi kimoja tu katika historia hiyo.

4.0 Njia za Kusakinisha

4.1 Flashi

Njia iliyoenea zaidi ni ya flashi, kwa kuwa flashi hurithi kazi zote tatu. Msambazaji wa Linux hutoa faili ya taswira, yaani nakala kamili ya diski ndani ya faili moja. Kosa la kawaida ni kuinakili faili hiyo katika flashi kama inavyonakiliwa barua au picha. Flashi ya namna hiyo hubeba taswira, lakini kwa kawaida haiwashii kompyuta, kwa sababu BIOS au UEFI haikuti kipakizi mahali inapokitafuta. Taswira sharti iandikwe baiti kwa baiti kuanzia mwanzo wa flashi, kwa programu maalumu au kwa amri ya dd.

Amri hiyo haiulizi mara mbili. Anayetaja /dev/sda badala ya /dev/sdb anaweza kuifuta diski ya kompyuta anayoitumia. Majina ya vifaa yahakikiwe kwanza, na ieleweke kwamba vilivyomo katika flashi vitapotea.

4.2 Mtandao

Njia ya pili huzitenganisha kazi. Kwa utaratibu wa PXE, kadi ya mtandao huomba anwani kwa DHCP, huelekezwa kwenye seva, kisha hupokea kipakizi kwa TFTP. Kiini na vifurushi hufuata kupitia mtandao huo huo. Njia hii inafaa maabara yenye makumi ya kompyuta, kwa kuwa maandalizi hufanyika mara moja katika seva. Kwa kompyuta moja, gharama ya maandalizi hayo hupita faida yake.

Kuna pia njia ya kati. Debian hutoa taswira ndogo yenye vitu vya kuwashia na kusakinishia, pamoja na vifurushi vichache vya msingi, vilivyosalia hupakuliwa.

4.3 Diski ya Kompyuta Yenyewe

Iwapo kompyuta tayari ina Linux ya aina nyingine, kipakizi cha GRUB kinaweza kuifungua taswira iliyohifadhiwa katika diski na kuwashia kutoka humo. Sharti lake ni kwamba sehemu ya diski inayoihifadhi taswira isifutwe wakati kazi ikiendelea.

5.0 Suala la Uaminifu

CD iliyotoka kwa msambazaji ilikuja na dhamana fulani: ilionekana ilikotoka. Faili iliyopakuliwa haina dhamana hiyo. Mwezi Februari 2016 tovuti ya Linux Mint ilivamiwa, na baadhi ya waliopakua taswira walielekezwa kwenye nakala iliyofichwa mlango wa siri. Kwa sababu hii wasambazaji huchapisha jumla ya uhakiki, mathalani SHA-256 yenye tarakimu 64 za heksadesimali. Baiti moja ikibadilika, jumla yote hubadilika. Hata hivyo, mvamizi anayeweza kubadili faili anaweza pia kubadili jumla iliyoandikwa kando yake. Hivyo sahihi ya kidijitali ndiyo hoja yenye nguvu zaidi.

Hali kadhalika, kompyuta nyingi zilizotoka tangu mwaka 2012 hukataa kipakizi kisicho na sahihi inayotambuliwa na UEFI. Ubuntu na Fedora zina vipakizi vyenye sahihi hiyo. Aina nyingine huenda zikamlazimu mtumiaji kuzima ulinzi huo. Kabla ya hatua yoyote, nakala ya data ihifadhiwe nje ya kompyuta. Ikiwa diski ya Windows imesimbwa, ufunguo wake wa kuiokolea uhifadhiwe pia.

6.0 Hitimisho

Makala imeonyesha kwamba kutoweka kwa CD hakukuondoa kazi yoyote kati ya tatu. Kumebadili tu vyombo vya kuzitekelezea. Maelekezo yanayotaja chombo huchakaa pamoja na chombo hicho, ilhali yale yanayotaja kazi hudumu. Flashi nayo itapitwa na wakati. Waundaji wa istilahi na waandishi wa vitabu vya kiada hawana budi kulizingatia hilo, ili mwanafunzi anayefungua kompyuta mpya aongozwe na kile anachohitaji kufanya, wala asisimamishwe na kifaa asichokuwa nacho.