Boksi la Soketi: Usibanie Kina

Kijijini, bei ya kuunganishiwa umeme wa njia moja iliwekwa shilingi 27,000. Kwa hiyo mwenye nyumba wa Tura, wilayani Uyui, gharama kubwa hakutani nayo TANESCO. Anakutana nayo kwenye wayaringi, na hapo waya ndio unaokula fedha. Boksi la soketi ni miongoni mwa vitu vya bei ndogo kwenye orodha ya fundi. Ajabu ni kwamba ndipo watu wanapobania.

Dukani utapewa 3x3 au 3x6, na kila moja lipo la kina kifupi na la kina kirefu. Soketi inayopokea umeme na kuupitisha kwenda chumba cha pili ina waya sita mgongoni: laini mbili, nyutro mbili, ethi mbili. Waya wa milimita za mraba 2.5 ni mkaidi. Fundi akiukandamiza kwenye boksi la kina kifupi kwa nguvu za skrubu za soketi, ganda huchubuka au ncha hulegea, na palipolegea hupata moto.

Wamarekani wana hesabu ya nafasi ndani ya boksi. Kila waya hupewa nafasi yake, ethi hadi nne huhesabiwa moja, soketi ya tundu mbili yenye upana wa boksi mbili hupewa nne. Kwa unene wao unaofuata juu ya 2.5, nafasi moja ni sentimita za ujazo 37. Soketi zetu ni za Kiingereza na fundi hafungwi na kanuni hiyo, ila kwa mnunuzi ni kipimo kizuri. Hesabu: nne za laini na nyutro, moja ya ethi, nne za soketi, jumla tisa, mara 37 ni 333. Boksi la 3x6 lenye milimita 35 kwenda ndani lina kama 318: halitoshi. La milimita 47 lina kama 428, nafasi inabaki. Swichi ya taa yenye waya wa 1.5 inatosha kwenye 3x3 la 35. La 25 liache dukani.

Mwenye chumba kimoja au viwili anaweza kuulizia UMETA (Umeme Tayari), kifaa kinachotumika badala ya wayaringi, asichimbe ukuta kabisa.

Vifaa vya umeme, wengi huvifuata Tabora mjini. Nenda na rula, upime kina mwenyewe kabla ya kulipa. Kubadili boksi baada ya plasta ni saruji nyingine na ufundi wa pili.