Nahodha Alipovua Jezi ya Taifa

Baada ya darsa ya kina mama huko Majengo, Pumwani, mjini Nairobi, bibi mmoja alitungojea mpaka wenziwe wakatawanyika. Alisema aliona haya kuuliza mbele ya watu, kwa kuwa jambo lenyewe lilihusu mpira. Mwanawe wa miaka ishirini na mmoja alitia sahihi mkataba wa miaka miwili na timu moja, na katikati ya msimu amevua viatu akasema harudi tena. Hakuumia mguu, wala hakugombana na mwalimu wa timu. Amechoka, basi. Mshahara hauji kwa wakati, na nyumbani wadogo zake watatu wanakula kutokana na mshahara huo huo.

“Sheikh, ana dhambi huyu kwa kuiacha timu? Na mimi nikimshurutisha arudi, nina dhambi?”

Tulimwomba atupe muda hadi kesho yake. Tulihisi kwamba yale yalikuwa maswali mawili yaliyofungwa fundo moja, na fundo la namna hii halifunguliwi kwa haraka.

Mitaa ya Eastlands ina uzoefu wake katika jambo hili. Kutoka Majengo hadi Muthurwa ni mwendo wa miguu, na Muthurwa ni mtaa uliojengewa wafanyakazi wa reli. Hapo ndipo alipokulia Victor Mugubi Wanyama, aliyezaliwa mwaka 1991. Baba yake, Noah Wanyama, aliichezea AFC Leopards katika miaka ya themanini. Kaka yake, MacDonald Mariga, alifika Inter Milan ya Italia mwaka 2010, mwaka ambao klabu hiyo ilitwaa vikombe vitatu vikubwa. Victor mwenyewe alivaa jezi ya Harambee Stars Mei 2007, hajatimiza hata miaka kumi na sita. Novemba 2012, akiwa Celtic ya Scotland, aliifunga Barcelona kwa kichwa. Kisha akaenda Southampton, Tottenham, na hatimaye Montreal huko Kanada. Ni yeye aliyekuwa nahodha Kenya iliporudi katika Kombe la Mataifa ya Afrika mwaka 2019, baada ya kukosekana tangu 2004. Kule Misri Kenya ilishinda mechi moja tu, dhidi ya Tanzania, mabao matatu kwa mawili. (Jamaa zetu wa Tanga na Unguja hawapendi kukumbushwa, nasi hatutawakumbusha zaidi ya hapa.)

Kisha, Septemba 2021, akiwa na miaka thelathini, akaandika waraka wa wazi kwa Wakenya na kuaga timu ya taifa.

Miaka thelathini kwa kiungo wa kati si uzee. Ndiyo maana barazani watu waligawanyika. Wapo waliosema ameitupa nchi ilhali miguu bado anayo, na ushahidi wao ulikuwa kwamba aliendelea kuichezea Montreal miaka mingine mitatu. Wengine wakasema: mtu aliyeanza kuitumikia timu akiwa mtoto wa shule, akaitumikia miaka kumi na minne, mwataka nini zaidi kwake? Na wapo waliokumbusha, kwa sauti ya chini, kwamba Machi mwaka huo huo nahodha huyu hakuwemo katika kikosi kilichocheza na Misri na Togo.

Yaliyokuwa moyoni mwake anayajua yeye na Mola wake. Sisi twatazama kitendo kilichoonekana. Aliondoka kwa kuaga. Hakujificha chumbani siku ya safari, wala hakuzima simu timu ikiwa uwanja wa ndege. Aliandika na kutia jina lake. Jambo hili twaliona kubwa, kwa sababu mara nyingi jeraha la kuachwa hutokana na namna mtu alivyoondoka.

Lakini tusichanganye mambo. Timu ya taifa na klabu ni vitu viwili. Klabu ina mkataba, ina mshahara, ina tarehe ya mwanzo na ya mwisho. Timu ya taifa ni wito. Ni kweli kanuni za kandanda zinamtaka mchezaji aitike anapoitwa, ila hakuna mwalimu mwenye akili atakayeingiza uwanjani mtu ambaye moyo wake umekwisha kutoka. Wanyama aliuacha wito akabaki na mkataba wake wa Kanada. Huyu kijana wa Majengo ameuacha mkataba, na hapo hali zao hazilingani.

Kwa upande wa mkataba, mfano ulio karibu nasi ni wa Feisal Salum, kijana wa Kizanzibari ambaye watu wamezoea kumwita Fei Toto. Desemba 2022 aliamua kuvunja mkataba wake na Yanga ya Dar es Salaam kwa kurejesha fedha, akiamini kwamba kwa kufanya hivyo amejikomboa. Shirikisho la mpira la Tanzania likaamua kuwa bado ni mchezaji wa Yanga. Kwa miezi kadhaa hakucheza, na nyumba nyingi za pwani zikagawanyika kwa ajili yake kana kwamba ni kesi ya mirathi. Mwisho ilimbidi Rais Samia Suluhu Hassan awasihi viongozi wa Yanga walimalize jambo hilo, na Juni 2023 kijana akahamia Azam kwa makubaliano ya pande zote. Tazama ni watu wangapi walihitajika ili kufungua kilichofungwa kwa sahihi moja. Sura ya Al-Maida inaanza kwa kuwaamrisha waumini kutekeleza ahadi walizofunga, na hatujui aya yoyote inayotenga mkataba wa mpira kando.

Hata hivyo, ahadi ina pande mbili. Mtume wetu (s.a.w.) alihimiza mtenda kazi alipwe ujira wake kabla jasho lake halijakauka, na hilo ni deni juu ya timu. Hata kanuni za FIFA za uhamisho wa wachezaji, tangu 2018, zinamruhusu mchezaji ambaye kwa makosa ya klabu hajalipwa mishahara ya miezi miwili kuuvunja mkataba, baada ya kuidai klabu kwa maandishi na kuipa muda usiopungua siku 15. Maana yake, mlango wa kutokea upo, nao ni wa barua. Kijana huyu yeye ametokea dirishani.

Katika kutafakari suala hili tulikumbuka pia kisa cha Khalid bin Walid (r.a.). Sayyidna Umar (r.a.) aliposhika ukhalifa alimvua uamiri wa jeshi la Sham na kumpa Abu Ubayda (r.a.). Khalid aliendelea kupigana chini ya aliyekuwa mdogo wake kwa cheo. Kisa hiki hupendwa sana na wenye timu na waajiri, nasi tuna hadhari nacho. Wao hukisoma ili kumnyamazisha aliyeonewa. Khalid alikuwa katika jihadi, na kijana wa Majengo yuko katika mchezo. Hatumpimi kwa kipimo hicho.

Kisa tulichokiona kinamfaa zaidi ni cha Salman (r.a.) alipomzuru nduguye Abu Dardaa (r.a.). Alimkuta mkewe amejikalia bila kujipamba, na alipomuuliza sababu akajua kuwa mume amejitoa mzima mzima kwa ibada, mchana kwa saumu na usiku kwa sala. Salman akamkumbusha kwamba Mola ana haki juu yake, nafsi ina haki, na watu wa nyumbani wana haki, na kila mwenye haki apewe yake. Mtume (s.a.w.) alipoelezwa alimsadikisha Salman. Ikiwa ibada yenyewe haikuruhusiwa kula haki ya mwili na ya nyumba, basi ligi ya mpira ni nani?

Kesho yake tulimjibu yule mama. Kijana asijifiche. Aende kwa viongozi wa timu pamoja na mjomba wake, apeleke barua, adai mishahara yake, na aombe aachiliwe kwa wema au amalize msimu. Wakiafikiana, ameondoka kwa salama na hana dhambi ya kuchoka. Na mama amnasihi, asimshurutishe. Mpiganaji Khabib Nurmagomedov, Muislamu wa Dagestan, aliacha ulingo Oktoba 2020 akiwa na miaka thelathini na miwili na hajashindwa hata mara moja, kwa sababu babake alikuwa amefariki na alimwahidi mamake hatapigana tena bila yeye. Tulimwambia, neno la mama lina uzito kiasi hicho, kwa hiyo mama alipime kabla ya kulitamka.

“Na hawa watatu watakula nini?” akauliza.

Tukamuuliza baba yao yuko wapi. Akanyamaza kidogo. Yuko Mombasa, akasema, mzima, ana duka na mke mwingine, na tangu kijana aliposajiliwa ameacha kabisa kuleta matumizi, maana “nyumba sasa ina mwanamume mwenye kazi.”

Hapo ndipo tulipolipata fundo lenyewe. Tulimweleza kwamba nafaqa ya watoto wadogo ni juu ya baba yao maadamu anaweza, na kwamba mkataba wa mpira wa kaka yao haumwondolei baba hata senti moja ya wajibu huo. Mahakama ya Kadhi iko Nairobi na iko Mombasa, na dai la namna hii husikilizwa huko kila wiki. Kabla ya kufika huko tulijitolea kumpigia simu bwana huyo sisi wenyewe, na mama akatupa nambari.

Tulimpigia baada ya sala ya Isha. Alitusikiliza vizuri, akatuuliza habari za mwanawe uwanjani, na kama ni kweli kuna timu ya Dar es Salaam inayomtaka.