Vitabu Vitoke Kabatini

Kitabu cha shule kikipotea, anayeulizwa ni mwalimu aliyekipokea kwa saini yake. Ukishalielewa hilo, utaelewa kwa nini katika shule nyingi za sekondari vitabu vya hadithi hubaki vipya miaka nenda rudi: vimegongwa mhuri, vimeandikwa kwenye leja, kisha vimefungiwa kabatini katika ofisi ya taaluma. Mwalimu huyo si mchoyo. Ana vipindi vyake vya Jiografia au Baiolojia, hakusomea ukutubi, na siku ya kukabidhi ofisi vitabu vitahesabiwa mbele yake kimoja kimoja. Kufuli ndilo kinga yake. Lakini maktaba inayosifiwa kwa vitabu vilivyobaki salama haiwezi kumfanya kijana wa miaka 15 apende kusoma, na katika wilaya za Tarime na Serengeti, mkoani Mara, hasara yake ni kubwa zaidi, kwa sababu mbili.

Ya kwanza ni umbali. Shule za kata zilijengwa ili elimu isogee karibu, lakini miji ya Wakurya na majirani zao imetawanyika, na mwanafunzi wa kutwa bado anatembea mwendo mrefu asubuhi na jioni. Akifika nyumbani kuna maji ya kuchota, ng'ombe wa kurudisha zizini, wadogo wa kuangalia. Maktaba inayofunguliwa saa tisa na nusu alasiri na kufungwa saa kumi na moja inamfaa mwanafunzi wa bweni. Kwa huyu wa kutwa, kama kitabu hakiruhusiwi kuvuka lango la shule, ni sawa na kusema maktaba haipo.

Ya pili ni lugha. Mtoto wa Nyamwaga anakua na Kikurya, wa Majimoto na Kingoreme, wa Robanda na Kiikoma. Kiswahili anakikomaza shule ya msingi. Akiingia kidato cha kwanza, masomo karibu yote yanageuka kuwa ya Kiingereza, lugha yake ya tatu, ambayo aghalabu huisikia darasani tu. Tukimpa kitabu kigumu na kumwambia asome kwa kujifurahisha, tunamwongezea adhabu.

Wataalamu wa lugha wamelipima jambo hili. Utafiti wa Hu na Nation wa mwaka 2000 ulionyesha kwamba msomaji wa lugha ya kigeni huweza kuifuata hadithi vizuri, bila kusaidiwa, pale anapoyajua maneno yapatayo 98 katika kila 100. Tuseme ukurasa wa kitabu una maneno 250. Maneno matano mageni yanatosha kumfikisha kwenye mpaka. Yakifika kumi na tano hasomi tena, anahangaika. Ndiyo maana walimu wengi duniani hutumia kipimo cha vidole: fungua ukurasa wa katikati, usome, kunja kidole kwa kila neno usilolijua. Vidole vya mkono mmoja vikiisha kabla ya ukurasa, rudisha kitabu, chukua kingine. Kipimo hiki kibandikwe ukutani katika kila maktaba ya shule. Kinamwondolea kijana aibu, kwa kuwa tatizo linakuwa la kitabu kutomfaa kwa sasa, si lake yeye kutokuwa na akili.

Mfano ninaoupenda zaidi katika taaluma hii unatoka Fiji, visiwa vya Bahari ya Pasifiki ambako nako watoto wa vijijini walisoma kwa Kiingereza wasichokizungumza nyumbani. Mwaka 1980 watafiti Warwick Elley na Francis Mangubhai walipeleka vitabu vya hadithi 250, vyenye picha na visa vya kuvutia, katika madarasa ya nne na ya tano ya shule za vijijini. Hawakujenga maktaba. Waliviweka darasani, mikononi mwa watoto, wakawaomba walimu watenge muda kila siku wa kusoma tu. Baada ya miezi minane, watoto wale walikuwa wamepiga hatua katika kusoma na kuelewa Kiingereza kwa kasi iliyokaribia mara mbili ya wenzao waliofundishwa kwa mtindo wa kawaida. Mwaka uliofuata faida ikaenea hadi kwenye kuandika na sarufi, mambo ambayo hawakuwa wamefundishwa zaidi ya wenzao. Wale walikuwa watoto wa msingi, lakini hali yao ya lugha haiko mbali na ya kijana wetu wa kidato cha kwanza na cha pili.

Kitabu kumfuata mtu nyumbani si jambo geni Mara. Kati ya 1968 na 1972 mradi wa majaribio wa elimu ya watu wazima, uliosaidiwa na UNESCO ukiwa na makao Mwanza, ulifanya kazi katika mikoa minne ya Ziwa, Mara ikiwemo. Baadaye vikaja vyumba vya maktaba vijijini na gazeti la Elimu Haina Mwisho lililoandikiwa wasomaji wapya wa kanda hii. Wakulima na wafugaji waliotoka kujua herufi walipewa kitu cha kuendelea kusoma, kwa kuwa wapanga mipango wa enzi ile walijua kwamba asiye na cha kusoma husahau hata kusoma. Sioni sababu ya kuwafanyia wajukuu wao pungufu ya hapo.

Sasa, rafu ijazwe nini? Hapa natofautiana na walimu wanaoamini kwamba hadithi za Kiswahili zitamchelewesha kijana katika Kiingereza. Tabia ya kusoma hujengwa katika lugha inayoeleweka, kisha huhamia katika lugha nyingine. Kijana akishaonja usiku mmoja wa kutaka kujua nini kitatokea ukurasa unaofuata, atautafuta usiku huo tena, hata kwa Kiingereza chepesi. Mwalimu Nyerere, mtoto wa Butiama aliyeanza shule pale Mwisenge, Musoma, akiwa na miaka 12, hakuona aibu kuzitafsiri tamthilia mbili za Shakespeare kwa Kiswahili. Mabepari wa Venisi ilitoka mwaka 1969 na bado inasomeka vizuri.

Anzeni na visa vya upelelezi: Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla, Willy Gamba wa Elvis Musiba. Wekeni Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, mwana wa Ukerewe, majirani zetu wa ziwani. Ilipotoka mwaka 1971 ilizuiwa shuleni, baadaye ikakubalika, na hadi leo msichana anayelelewa kwa ukali bila kuambiwa kitu chochote kuhusu mwili wake anajiona humo. Wekeni Takadini ya Ben Hanson, ya mama anayekimbia na mtoto wake mwenye ualbino ili asiuawe. Kanda ya Ziwa, baada ya mauaji ya watu wenye ualbino iliyoyaona, ina haki ya kuisoma polepole. Ongezeni jarida la Fema, ambalo kwa miaka mingi limekuwa likiandikwa kwa Kiswahili cha vijana na kupelekwa bure katika shule za sekondari. Na kwa wavulana wanaosema hawapendi kusoma, leteni Mwanaspoti, hata la juzi. Kijana anayesoma ukurasa mzima wa uchambuzi wa mechi ya Simba na Yanga ni msomaji tayari, kinachobaki ni kumpa kurasa zaidi.

Kitabu kimoja cha Kiingereza kinastahili nakala nyingi katika wilaya hizi mbili: Unanswered Cries cha Osman Conteh wa Sierra Leone. Kwa miaka mingi kilikuwa kwenye orodha ya riwaya za kidato cha tatu na cha nne. Kinamhusu Olabisi, msichana wa miaka 14 anayetoka mjini kwenda kwa mama yake kijijini, akakuta amepangiwa kukeketwa, naye akakataa hadi shauri likafika mahakamani. Msichana wa Tarime anayekisoma hahitaji kuelezwa mandhari.

Tatizo ni kwamba vitabu hivi, vikishaingia kwenye mtihani, huacha kusomwa. Wanafunzi wengi hununua vijitabu vya uchambuzi, wakakariri dhamira, wahusika na tamathali, wakafaulu bila kuufungua ukurasa wa kwanza wa riwaya yenyewe. Hivyo nawaomba walimu: kitabu kilichoazimwa kwa hiari kisiulizwe maudhui na fani. Mwulize kijana swali moja tu, kama angemshauri rafiki yake akisome. Na kama mnataka kitabu kiondoke rafuni, mwalimu asome sura ya kwanza kwa sauti mbele ya darasa, asimame pale palipo patamu, akifunge.

Uendeshaji wenyewe hauhitaji jengo. Sanduku la mbao lenye vitabu 40 kwa kila mkondo, linalobadilishana na mkondo mwingine kila mwezi, hufanya kazi kuliko chumba kilichofungwa. Wanafunzi wawili, msichana na mvulana, hushika daftari lenye safu nne: jina, kitabu, tarehe ya kuchukua, tarehe ya kurudisha. Siku moja kwa wiki, mapumziko ya saa nne, wanaazimisha. Vitabu vivalishwe magamba ya karatasi ngumu, na kuwe na gundi na uzi wa kushonea vinavyoachia.

Kuhusu hofu ya mwalimu, dawa yake iko kwa Bodi ya Shule. Kikao kiandike katika muhtasari wake kwamba vitabu vya ziada huchakaa na kupotea kwa kusomwa, kwamba kiasi fulani, mathalani vitano katika kila 100 kwa mwaka, kitafutwa kwenye leja bila mwalimu kudaiwa. Mstari huo utafungua makabati mengi kuliko semina yoyote. Mwanafunzi aliyepoteza kitabu asinyimwe kingine milele. Afanye kazi ya kukarabati vilivyochanika, maisha yaendelee.

Fedha? Ruzuku iliyopangwa kwa mwanafunzi wa sekondari, Sh 25,000 kwa mwaka huku nusu yake ikilengwa vitabu, humezwa na vitabu vya kiada. Vya ziada vitafutiwe mfuko mwingine. Tarime ina mgodi wa North Mara pale Nyamongo, na fedha zake za uwajibikaji kwa jamii. Serengeti ina mapato ya utalii yanayoingia vijijini kupitia Jumuiya ya Hifadhi ya Wanyamapori ya Ikona. Mara nyingi fedha hizo hujenga madarasa, na madarasa yanahitajika kweli. Ninachoomba ni kwamba kila darasa jipya likabidhiwe pamoja na sanduku lake la vitabu, kama linavyokabidhiwa pamoja na madawati.

Halafu kuna likizo ya Desemba. Huo ndio msimu wa tohara na ukeketaji, na katika utafiti wa kitaifa wa afya wa 2015–16 asilimia 32 ya wanawake wa Mara walikuwa wamekeketwa, ingawa sheria ya mwaka 1998 inakataza kumkeketa msichana aliye chini ya miaka 18. Wasichana hukimbilia kituo cha Masanga na Nyumba Salama ya Mugumu, wakakaa huko wiki kadhaa. Sidai kwamba riwaya inaweza kumzuia ngariba. Nasema kwamba shule inapofungwa kwa wiki nyingi mfululizo, na vitabu vikabaki ndani, tunakuwa tumewaacha vijana wetu bila sauti nyingine ya kuwasindikiza. Kila mwanafunzi aondoke na vitabu viwili vya likizo, na shule za jirani zipeleke masanduku katika vituo hivyo kabla ya Novemba kwisha.

Mzazi, ukimkuta binti yako jioni ameinamia kitabu kisicho cha mtihani, usimwite mvivu. Mpe nusu saa, na taa ya sola umwachie. Kama hujui kusoma, mwambie akusimulie alipofikia.