KADI MOJA, BEI MBILI: Jinsi ya kupima thamani ya kitu kilichojaa majumbani

Katika nyumba nyingi za Marekani, siku ya usafi mkubwa, hutolewa darini sanduku lililosahauliwa. Ndani yake zimepangwa kadi ndogo zenye picha za wachezaji wa besiboli. Mtoto aliyezikusanya amekwisha kuwa mtu mzima mwenye watoto wake. Jioni hiyo swali huwa moja mezani: Je, hii ni mali ya kuwekwa, au ni karatasi ya kuwashia moto?

Swali hilo si la mzaha. Mwezi Agosti 2022 kadi ya mchezaji Mickey Mantle, iliyochapishwa na kampuni ya Topps mwaka 1952, iliuzwa mnadani kwa dola milioni 12.6. Mwenye sanduku akisikia habari hiyo hujiona tajiri. Lakini ukweli ni kwamba kadi nyingi zilizomo katika masanduku ya namna hiyo hazifikishi bei ya mkate. Yafaa basi kueleza tofauti hii imetoka wapi.

Mwanzoni kadi hizi hazikuwa bidhaa zenyewe. Zilitiwa katika pakiti za sigara ili kuvutia wanunuzi, na baadaye katika pakiti za chingamu. Watoto walizichezea, wakazifunga kwa mipira, wakazitia katika matairi ya baiskeli zilie. Mama waliposafisha nyumba walizitupa. Hata kampuni yenyewe haikuzithamini: kwa masimulizi ya Sy Berger, aliyekuwa mtumishi wa Topps, shehena ya kadi za mwaka 1952 zilizokosa wanunuzi ilikwenda kumwagwa baharini mwaka 1960. Kadi zilizobaki safi zikawa chache, na uchache huo ndio ulioleta bei.

Habari za bei zilipoenea, watu walibadili mwenendo. Kuanzia mwaka 1981 kampuni za Fleer na Donruss ziliingia sokoni kushindana na Topps; Score ikafuata mwaka 1988, na Upper Deck mwaka 1989. Mitambo ilichapa kadi kwa mamilioni. Wazazi walinunua makasha mazima, wakayaweka bila kuyafungua, wakitumaini kwamba yatakuja kulipa karo ya chuo kikuu ya watoto wao. Hawakutambua kwamba jirani naye ameweka kasha kama hilo, na jirani wa jirani vilevile. Mwaka 1994 wachezaji waligoma, fainali za mwaka huo zikafutwa, na mapenzi ya watu kwa kadi yakapoa. Watoto walipofika umri wa chuo, makasha yalikuwapo, lakini karo haikuwamo ndani yake.

Mfano bora ni kadi nambari 320 katika mkusanyo wa Topps wa mwaka 1987, wenye kadi 792 zilizozungushiwa pambo linalofanana na ubao. Kadi hiyo ina picha ya Barry Bonds, ambaye baadaye alipiga mipigo 762 ya kuvusha mpira nje ya uwanja, idadi ambayo haijafikiwa na mchezaji mwingine katika ligi kuu za Marekani. Pamoja na sifa hiyo yote, kadi hiyo ikiwa ya kawaida huuzwa kwa dola chache tu. Sifa ya mtu haitoshi kuipa karatasi thamani, ikiwa karatasi hiyo imo katika kila nyumba.

Mwenye kutaka kujua thamani ya kadi yake na afuate hatua nne.

Kwanza, ageuze kadi asome nyuma mwaka, nambari na jina la kampuni. Ikiwa ni ya miaka ya 1987 hadi 1993, apunguze matumaini mapema.

Pili, aitazame penye mwanga wa kutosha. Pembe nne ziwe kali, kingo zisiwe zimechanika, uso usiwe na mikwaruzo, na picha iwe katikati, si kuelemea upande mmja. Kasoro ndogo kabisa hushusha bei mno.

Tatu, aipime kwa rula. Tangu mwaka 1957 kadi nyingi za Topps zina upana wa inchi 2.5 na urefu wa inchi 3.5. Iliyopungua huenda imekatwa kingo ili ionekane mpya. Mwaka 2013 mfanyabiashara Bill Mastro alikiri mjini Chicago kwamba alikuwa amezipunguza kingo za kadi mashuhuri ya Honus Wagner, ambayo kwa miaka mingi ilisifiwa kwa usafi wake.

Nne, atafute bei iliyolipwa, si bei iliyoombwa. Muuzaji aweza kuandika dola elfu. Kuandika hakugharimu kitu. Katika minada ya intaneti kama eBay huonekana pia mauzo yaliyokwisha kukamilika. Hayo ndiyo ya kuaminiwa.

Zipo kampuni za kupima kadi, kama PSA iliyoanza mwaka 1991, ambazo huipa kadi alama kati ya 1 na 10 na kuifungia katika kasha la plastiki. Kadi ya kawaida ikipata 10 bei yake yaweza kupanda sana, kwa kuwa zisizo na doa ni haba. Ikipata 8, aghalabu ada ya upimaji huizidi bei ya kadi yenyewe. Asiye na hakika asipeleke.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Mwenye sanduku aandike kadi zake, aweke kando zile chache zinazostahili, na zilizosalia awape watoto wazichezee, kwani hiyo ndiyo kazi ziliyotengenezewa. Na anayeweka akiba ya karo asiiweke katika kitu ambacho kila mtu anakiweka kwa tumaini hilo hilo, maana siku ya kuuza wote watakuwa wauzaji, na mnunuzi hatakuwapo.