Namna ya Kubadilisha Retrovizeri ya Kamioneti



Wengi wameuliza sababu gani kamioneti yetu ilisimama siku tatu chini ya mti, na unga ikaletwa na chukudu. Retrovizeri ya kushoto ilivunjwa na lori pahali barabara ni nyembamba. Wamoja walisema: "Ni kioo tu, hapana motere, shofere aende!" Lakini mimi kapita ninapanga mistari ya watoto wa mwaka wa kwanza kila asubuhi. Kamioneti ikirudi nyuma katika uwanja, ni wao wanapita pale bila kuangalia. Basi nieleze kazi ile, sawa vile Papa shofere aliifanya mbele yetu.

Kwanza tazama nini imevunjika. Kama mkono ao nyumba yake imepasuka, inafaa kununua retrovizeri nzima. Hapa ndipo watu wanadanganyika sokoni. Ya kushoto haiingie kuume. Tena, katika inchi yetu tunatembea kuume ya barabara, lakini huku mashariki kuna magari mingi yenye usukani kuume, yaliyopitia Mombasa ao Dar es Salaam. Retrovizeri za namna mbili hizi zinaweza kufanana, lakini kioo hakielekee shofere sawasawa. Peleka ile ya zamani, uzipime pamoja, uhesabu matundu ya visi.

Kama ni kioo peke yake, fundi anaweza kukata ingine kwa kufuata karatasi iliyochorwa, kiisha kuibandika na silikoni. Ni bei ndogo. Lakini mwanafunzi mmoja alishauri tukate kioo cha kunyolea ndevu, na wenzake wakapiga makofi. Hapana! Wa mwaka wa sita wakumbuke fizika. Kioo cha kunyolea ni sawa kama meza. Kinaonyesha umbali wa kweli, lakini upana kidogo. Vioo vingi vya kamioneti vimevimba kidogo, vinaonyesha upana mkubwa, lakini vinapunguza vitu. Tuseme rayo ya kioo ni sentimita 120. Basi fokali ni 60. Pikipiki iko mita 6 nyuma yake, na jicho la shofere liko sentimita 60 mbele yake. Fanyeni hesabu: shofere anaiona ndogo sawa pikipiki iliyo mita 12. Shofere aliyezoea kioo kimoja, ukimwekea kingine bila kumwambia, atapima vibaya wakati wa kupita lori. Na kioo sawa kitamficha mtoto aliye kando.

Sasa kazi yenyewe. Bandika skotchi juu ya kioo kilichovunjika, vaa ganti ao funga kitambaa mkononi. Katika kamioneti nyingi, ndani ya mlango, kwenye pembe ya mbele ya dirisha, kuna kipande cha plastiki chenye pembe tatu. Kiondoe polepole na turnevisi iliyofungwa kitambaa. Plastiki ya zamani inavunjika bure. Nyuma yake utaona visi ao ekru, mara nyingi tatu. Mbele ya kuzigusa, ziba matundu ya mlango na kitambaa, kwa maana ekru ikianguka ndani, utafungua mlango wote juu ya ekru moja. (Papa shofere alituambia hii mara ine.) Kama retrovizeri ina motere ndogo, chomoa kwanza waya zake.

Mtu wa pili asimame inje akishika retrovizeri wakati visi ya mwisho inatoka. Pangusa udongo, tazama kama mpira wa katikati ni mzima. Bila ule mpira mvua itaingia mlangoni. Weka mpya, anza visi zote kwa vidole, kiisha kaza moja moja kwa zamu. Usikaze kwa nguvu ya ng'ombe.

Inabaki kuipanga. Shofere mwenyewe aketi pahali pake, hapana mwingine mrefu kuliko yeye. Aone ubavu wa gari kidogo sana upande wa ndani, na barabara ya mbali katikati. Kiisha mtu atembee polepole kutoka nyuma ya gari mpaka mlangoni. Sisi tulitembeza mtoto wa mwaka wa kwanza: karibu na gurudumu la nyuma alipotea kabisa katika kioo, na nyuma ya karoseri hakuonekana hata kidogo. Kwa hiyo, tangu juma hili, kamioneti ikirudi nyuma uwanjani, mwanafunzi mmoja wa zamu atasimama nyuma upande wa shofere, na firimbi. Majina yamebandikwa kwenye mlango wa refektwari.