Gari Linapogoma Asubuhi: Pima Kwanza, Nunua Baadaye

Huenda baadhi yenu mtashangaa kuona habari za injini katika kurasa hizi za nyumba na malezi. Lakini gari la familia ni sehemu ya nyumba. Huku Mponde, katika milima ya Usambara, gari moja hubeba majani mabichi ya chai, mboga za sokoni, watoto wa shule na mama mjamzito anayewahishwa hospitali ya Bumbuli. Kiwanda cha chai cha Mponde kilipofungwa mwaka 2013, kaya nyingi zilijifunza kwa uchungu thamani ya kila shilingi. Kwa hiyo si jambo dogo fedha ya karo inapoishia kwenye spea ambayo haikuwa mbovu.

Tutazame ugonjwa mmoja unaosumbua sana magari ya petroli katika sehemu za baridi, nao ni ubovu wa sensa ya joto la injini.

Sensa ni nini?

Hatusemi ile sensa ya kuhesabu watu. Sensa ya gari ni kifaa kidogo kilichochomekwa kwenye injini, ambacho huipasha habari kompyuta ya gari, ile ambayo mafundi wengi huiita kontrol boksi. Sensa ya joto huipa kompyuta habari ya joto la maji ya injini. Injini ikiwa baridi, kompyuta huongeza petroli ili iwake. Ikipata moto, kompyuta hupunguza. Ni kama mama anayetazama moto kabla ya kuongeza kuni.

Sasa sensa ikisema uongo, kompyuta huamini uongo huo. Ikidai injini ni baridi wakati wote, petroli humwagwa nyingi mno. Gari hutoa moshi mweusi, plagi hulowa, na mafuta ya wiki huisha kwa siku chache. Ikidai injini ni ya moto wakati ni baridi, petroli huwa kidogo na gari hukataa kuwaka asubuhi. Ndiyo maana gari hilohilo laweza kulala Mombo kwenye joto na kuwaka vizuri, lakini likilala Mponde mwezi wa saba likagoma. Watu husema ni betri, wengine husema ni pampu ya mafuta. Familia hununua kimoja baada ya kingine, na ugonjwa unabaki palepale.

Kifaa cha kupimia

Multimita ni kifaa cha kupimia umeme, chenye waya mwekundu, waya mweusi na kitufe cha kuzungusha. Huuzwa katika maduka ya vifaa vya umeme, na ya kawaida inatosha kabisa kwa kazi hii. Mama anayeweza kusoma mizani dukani anaweza kuisoma.

Namna ya kupima

1. Anza na betri. Weka kitufe kwenye volti za betri, alama ya 20. Waya mwekundu uguse chanya, mweusi uguse hasi. Gari likiwa limezimwa tangu jana, betri nzima yenye chaji husoma karibu 12.6. Injini ikiunguruma, isome kati ya 13.5 na 14.5. Ikiwa hapa pana kasoro, tengeneza kwanza hapa.

2. Zima swichi, kisha tafuta sensa. Mara nyingi iko karibu na mahali mpira wa juu wa rejeta unapoingia kwenye injini. Ya kompyuta kwa kawaida ina waya mbili. Yenye waya mmoja mara nyingi ni ya mshale wa joto tu, usiichanganye.

3. Bonyeza kibanio na uchomoe soketi. Tazama kama kuna kutu ya kijani au waya uliokatika. Wakati mwingine ubovu wote uko hapo, na kusafisha kunatosha.

4. Weka kitufe kwenye alama ya omu, 20k. Gusa ncha mbili za sensa. Katika magari mengi ya Toyota, kwenye joto la nyuzi 20 sensa nzima husoma kati ya omu 2,000 na 3,000. Asubuhi ya baridi husoma zaidi, na hilo si kosa. Multimita ikionyesha kana kwamba haijagusa kitu, sensa imekatika ndani. Ikisoma sifuri, imeungana ndani.

5. Rudisha soketi, washa gari hadi lipate moto, zima, kisha pima tena. Kwenye nyuzi 80 isome kati ya omu 200 na 400. Ikibaki vilevile kama ilivyokuwa baridi, hiyo ndiyo mgonjwa wako.

6. Ikiwa sensa ni nzima, pima soketi. Fungua swichi bila kuwasha injini, rudisha kitufe kwenye volti, waya mweusi ukiwa kwenye hasi ya betri. Tundu moja la soketi lisome karibu volti 5. Likikosa, ubovu uko kwenye waya au kompyuta, na sensa mpya haitasaidia kitu.

Tahadhari

Usifungue kamwe mfuniko wa rejeta injini ikiwa ya moto. Funga kitambaa cha kichwa na kanga vizuri, zisinaswe na feni. Usipime omu kwenye waya wenye umeme, wala usiguse waya za njano za mifuko ya hewa ya usalama. Maji ya rangi ya rejeta ni sumu yenye utamu, hivyo yasiachwe mahali watoto wanapofika, na sufuria iliyoyashika isirudi jikoni.

Je, tumfukuze fundi?

La hasha. Fundi mwema tunamhitaji. Ila kuna tofauti kati ya kusema, "Fundi, gari bovu," na kusema, "Fundi, sensa inasoma omu 3,000 baridi na 3,000 moto." Wa pili hauziwi betri. Na ikiwa baba watoto ndiye mwenye kushughulikia gari, usimpokonye kazi wala kumwaibisha mbele ya fundi. Kaeni pamoja, mmoja ashike waya, mwingine aandike tarakimu kwenye daftari. Vijana wenu wa kike na wa kiume wasimame hapo watazame.

Basi, akina mama, kabla mkoba haujafunguliwa kwa ajili ya spea, omba jambo moja tu: tupime kwanza. Dakika kumi za kupima zaweza kuokoa karo ya muhula mzima.