Je, Wajua? Risasi moja yaweza kukuharibia masikio

Mlio wa bunduki hufikia desibeli 140 hadi 170, na mlipuko mmoja tu waweza kukupunguzia uwezo wa kusikia maisha yako yote. Ndani ya kila sikio mna seli zipatazo 15,000 zenye vinywele vidogo mno, zinazogeuza mitetemo ya sauti kuwa ishara za ubongo. Zikifa, hazioti tena. Anayelenga bunduki begani kulia, kwa kawaida sikio la kushoto ndilo huumia zaidi: limeelekea mtutu, ilhali la kulia hukingwa na kichwa chake. Dalili mojawapo ni mvumo usiokoma masikioni. Askari, mgambo na wawindaji, vaeni vizibo vya masikio kabla ya kila zoezi la shabaha.